Amy Bailey: Mwalimu wa Jamaika aliyetetea mama, mtoto na uzazi wa mpango

Katika mji wa Kingston wa miaka ya 1930, mwalimu wa kike alitarajiwa kuwa mfano wa adabu: afundishe, aende kanisani, asiongee mambo ya chumbani mbele ya watu. Amy Bailey alifundisha, akaenda kanisani, na kisha akasimama hadharani kusema kwamba mwanamke maskini ana haki ya kujua namna ya kupanga lini apate mimba na lini asipate. Alikuwa mwanamke mweusi, hakuwa ameolewa, na mshahara wake ulitoka katika shule ya serikali ya kikoloni. Kila moja kati ya sifa hizo ingetosha kumnyamazisha.

Jina lake halitajwi sana nje ya Karibiani. Watu wa huko wanaojulikana kwetu ni wengine: Marcus Garvey, Bob Marley, wakimbiaji wa mbio fupi. Lakini anayetaka kuelewa jinsi kisiwa kidogo cha wajukuu wa watumwa kilivyotoka katika umaskini wa ukoloni wa Uingereza hadi kuwa taifa lenye huduma za mama na mtoto hawezi kulikwepa kundi dogo la wanawake waliofanya kazi hiyo kabla serikali haijathubutu kuigusa. Bailey alikuwa mmojawapo, na pengine ndiye aliyekuwa na mengi zaidi ya kupoteza.

Binti wa walimu

Amy Beckford Bailey alizaliwa mwaka 1895 huko Walderston, katika wilaya ya Manchester, nchi ya vilima na udongo mwekundu katikati ya Jamaika. Baba na mama yake walikuwa walimu. Katika Jamaika ya wakati huo, miongo sita tu baada ya utumwa kukomeshwa kabisa tarehe 1 Agosti 1838, ualimu ulikuwa takriban mlango pekee wa kutokea shambani kwa mtu mweusi. Mwalimu wa kijiji aliandika barua za watu, alisuluhisha magomvi, aliongoza kwaya na kusoma magazeti kwa sauti. Mshahara wake ulikuwa haba, lakini heshima yake ilikuwa kubwa, na watoto wake walilelewa wakijua kwamba wanatazamwa.

Bailey alisomea ualimu katika Chuo cha Shortwood, Kingston, ambacho kwa vizazi kadhaa kilikuwa ndicho kitalu cha wanawake weusi waliosoma. Kisha akaajiriwa katika Shule ya Ufundi ya Kingston, akafundisha huko karibu miaka 40, hadi alipostaafu mwishoni mwa miaka ya 1950. Masomo yake yalikuwa ya ofisini: hatimkato na utunzaji wa vitabu vya hesabu.

Hapo ndipo alipoanza kuona kitu ambacho hakikumwacha tena. Wasichana wake walifaulu, lakini walipokwenda kuomba kazi katika benki na maduka makubwa ya mtaa wa King Street, walirudi mikono mitupu. Nafasi walipewa wenzao wenye ngozi nyeupe au nyekundu-nyekundu, hata pale ambapo hawakuwa na ujuzi wowote. Jamaika haikuwa na sheria ya kutenga rangi kama ya Afrika Kusini au ya majimbo ya kusini mwa Marekani. Watawala walijivunia jambo hilo. Ubaguzi wake ulikuwa wa kimyakimya, wa kutazamwa usoni na kuambiwa kwamba nafasi imejaa. Weupe wachache walikuwa juu, machotara katikati, na weusi, waliokuwa wengi kupita wote, chini.

Mwaka 1937 lilipoanzishwa gazeti la kila wiki liitwalo Public Opinion, jukwaa la vijana waliotaka mabadiliko, Bailey alilitumia kuandika mambo hayo bila kupaka mafuta. Aliwaandama wenye maduka. Aliwaandama pia watu weusi wenzake waliopata vyeo na kuona haya kuonekana na watu weusi zaidi yao. Makala zake ziliwaudhi wengi, na ndiyo sababu zilisomwa.

Chama cha wanawake waliokuwa na vyeti

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1936, Bailey na Mary Morris Knibb, mwalimu mwenzake aliyekuwa na shule yake mwenyewe, walianzisha Klabu ya Wanawake Waliberali. Wanachama wake walikuwa hasa wanawake weusi wa tabaka la kati, walimu na makarani. Vyama vya wanawake vilivyotangulia vilikuwa mikononi mwa wake za magavana, wachungaji na wenye mashamba, vikigawa nguo na maziwa kwa maskini. Klabu hii ilitaka jambo jingine: wanawake waingie katika mabaraza, walipwe sawasawa na wanaume, wasilazimishwe kuacha kazi ya serikali kwa sababu wameolewa.

Ni kweli kwamba wanawake wa Jamaika walikuwa wameanza kupiga kura mwaka 1919. Lakini kura hiyo ilikuwa na masharti ya mali, na kwa wanawake masharti yalikuwa makali zaidi kuliko kwa wanaume, hata umri wao wa kupiga kura uliwekwa juu zaidi. Kwa wanaume na wanawake pamoja, hawakufika hata mtu mmoja kati ya kumi waliokuwa na haki ya kuchagua. Mwaka 1939 Mary Morris Knibb aligombea katika baraza la Kingston na St Andrew, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika kisiwa hicho. Kura ya watu wazima wote ilikuja mwaka 1944.

Mwaka uliotikisa kisiwa

Uchumi wa Jamaika ulikuwa umekwama. Kwa miongo mingi, vijana wake walikuwa wakivuka bahari kuchimba mfereji wa Panama, kukata miwa Kuba, kulima ndizi Costa Rica. Baada ya mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929, milango hiyo ilifungwa na maelfu wakarudishwa nyumbani. Bei ya sukari ilianguka. Idadi ya watu, iliyokuwa 858,118 katika sensa ya mwaka 1921, ilifikia 1,237,063 katika sensa ya 1943. Kingston ilijaa watu waliokuja kutafuta kazi isiyokuwepo, wakaishi katika nyua: vyumba vya mbao vilivyozunguka uwanja mmoja, bomba moja, choo kimoja, familia kumi au zaidi.

Mwezi Mei 1938 wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Frome, magharibi mwa kisiwa, waligoma. Polisi walifyatua risasi na watu wanne wakauawa. Baada ya wiki chache makuli wa bandarini Kingston walisimamisha kazi na mji mzima ukafungwa. Kutokana na moto huo ndipo walipoibuka Alexander Bustamante na Norman Manley, viongozi wa vyama viwili vitakavyotawala siasa za Jamaika hadi leo. London ikatuma tume ya uchunguzi chini ya Lord Moyne, iliyofika Jamaika mwishoni mwa mwaka huo. Miongoni mwa wajumbe wake walikuwamo wanawake wawili, Rachel Crowdy na daktari Mary Blacklock. Taarifa kamili ya tume ilikuwa chungu kiasi kwamba serikali ya Uingereza, iliyokuwa vitani, iliificha hadi mwaka 1945 isije ikawapa maadui silaha ya maneno.

Mbele ya tume hiyo lilijitokeza suala ambalo wanasiasa wanaume hawakulipenda. Zaidi ya theluthi mbili ya watoto wa Jamaika walizaliwa nje ya ndoa. Kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, zaidi ya 100 hawakufikisha mwaka mmoja. Mzigo wa kulea uliwaangukia mama na bibi. Baba mara nyingi alikuwa Kuba, au bandarini bila kazi, au tu hakutaka kujulikana. Wapo waliosema kwamba dawa yake ni mahubiri. Miaka michache baadaye ikaanzishwa hata kampeni ya kuwafungisha watu ndoa kwa wingi, chini ya uongozi wa mke wa gavana, Lady Huggins. Pete ziligawiwa kwa bei nafuu, harusi zikafanywa kwa makundi, na baada ya muda mfupi jambo zima likafifia. Pete haikuleta ajira, wala haikuongeza chumba.

Una Marson, jina la Ethiopia, na chakula cha watoto

Bailey alishika upande mwingine wa kamba. Mwaka 1938, pamoja na mshairi na mwandishi wa habari Una Marson, alishiriki kuanzisha Jamaika tawi la mfuko wa kuwaokoa watoto, ambalo watu wa huko wanaliita Jamsave mpaka sasa. Kazi yake ilikuwa ya kawaida kabisa: kumpatia mtoto wa maskini chakula cha mchana, nguo ya shule na vitabu, ili asikae nyumbani kwa aibu.

Marson anastahili neno moja zaidi, kwa kuwa maisha yake yanagusa upande wetu wa dunia. Alipokuwa London alifanya kazi katika ubalozi wa Ethiopia, na mwaka 1936, Wataliani walipokwisha kuiteka Addis Ababa, akawa katibu wa Mfalme Haile Selassie na kufuatana naye hadi Geneva alipokwenda kuulalamikia Umoja wa Mataifa wa wakati ule. Baadaye alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi kutayarisha vipindi katika BBC. Msukumo wa kundi hili la wanawake, kwa maneno mengine, haukutoka London tu. Habari za Afrika ziliwafikia na kuwauma.

Binti wa mwenye mashamba

Mwanamke wa pili asiyeweza kuachwa katika habari hii ni May Farquharson. Alizaliwa mwaka 1894, mwaka mmoja kabla ya Bailey, lakini umbali kati yao ulikuwa wa karne nzima. Farquharson alikuwa mweupe, binti wa wakili tajiri aliyekuwa pia na mashamba, msemaji mashuhuri wa wakulima wakubwa. Alisomea Uingereza. Angeweza kuishi maisha yake yote akicheza karata barazani. Badala yake alirudi nyumbani na kuingia katika kazi za ustawi wa jamii, akipigania pensheni kwa wazee wasiokuwa na mtu wa kuwatunza, na halafu, kwa nguvu zaidi, uzazi wa mpango.

Mwanzoni mwa mwaka 1939 alifika Jamaika Edith How-Martyn, Mwingereza aliyewahi kufungwa jela mwaka 1906 kwa kudai kura za wanawake, na ambaye sasa alizunguka dunia akihimiza uzazi wa mpango. Alihutubia mikutano Kingston na vijijini. Alipoondoka, aliacha nyuma yake chama kilichoundwa mwaka huohuo, kilichojulikana baadaye kama Ligi ya Uzazi wa Mpango ya Jamaika, Farquharson akiwa ndiye injini yake na Bailey akiwa miongoni mwa waliokipa uso na sauti. Ligi ikafungua kliniki ya akina mama Kingston, kwa michango ya watu, kwani serikali ya kikoloni haikutaka kutia mkono katika jambo ambalo lingeweza kuitwa dhambi na upande mmoja na njama na upande mwingine.

Afaa msomaji akumbuke kwamba vidonge vya kuzuia mimba havikuwapo. Vilikuja mwaka 1960. Kilichokuwapo ni kiwambo cha mpira, ambacho mwanamke alipaswa kupimwa na mtu mwenye ujuzi, kisha akitie mwenyewe kila mara pamoja na dawa ya kuua mbegu, akitoe, akioshe, akikaushe, akihifadhi. Au unga wa povu uliotiwa katika sifongo, rahisi zaidi lakini usioaminika sana. Sasa mfikirie mama wa uani, anayelala chumba kimoja na watoto watano, mwenye kupanga foleni bombani, na mume au mwenzi asiyetaka kusikia habari hizo. Kwake, ushauri wa kliniki ulikuwa kazi ngumu ya kila siku. Hata hivyo walikuja. Walikuja wenye watoto wanane na wenye watoto wawili, walioolewa na wasioolewa, na kuja kwao ndiko kulikowapa akina Bailey ujasiri wa kuendelea pale ambapo mabwana wa gazetini walisema kwamba wanawake weusi hawatalikubali jambo hilo kamwe.

Waliopinga, na sababu zao

Kanisa Katoliki, ambalo Jamaika lilikuwa chini ya Wajesuiti kutoka Marekani, lilipinga waziwazi. Papa Pius XI alikuwa ametoa waraka wake wa ndoa Desemba 1930, na hakukuwa na la kujadili. Maaskofu wa Kianglikana walikuwa wamelegeza msimamo miezi michache kabla, katika mkutano wao wa Lambeth, wakaruhusu uzazi wa mpango kwa wanandoa katika hali maalumu. Kwa hiyo mchungaji wa Kingston aliyetaka kuiunga mkono Ligi alikuwa na pa kusimama, ingawa padashi padashi.

Upinzani wa kina zaidi ulitoka kwingine. Mwaka 1934 chama cha Marcus Garvey, UNIA, kilifanya mkutano wake mkuu Kingston na kupitisha azimio la kuukataa uzazi wa mpango kuwa ni kuingilia maumbile na makusudio ya Mungu. Wafuasi wa Garvey waliuliza swali ambalo hata leo si la kudharauliwa: kwa nini matajiri wanaokataa kugawa ardhi wanataka watu weusi wapungue?

Swali hilo lilikuwa na mizizi. Mwishoni mwa karne ya 18, bei ya watumwa ilipopanda na wapinga biashara ya utumwa walipoanza kusikilizwa London, wenye mashamba wa Jamaika walitaka watumwa wa kike wazae. Sheria iliwekwa kwamba mama mwenye watoto sita walio hai apunguziwe kazi ya shamba. Tumbo la mwanamke mweusi lilihesabiwa katika daftari la mali. Karne moja na nusu baadaye, wajukuu wa wenye mashamba hao hawakuhitaji tena mikono mingi, na sasa baadhi yao walilalamika kwamba weusi wanazaa kupita kiasi. Mtu angewezaje kumsikiliza binti Farquharson bila kuyakumbuka hayo? Na ni kweli kwamba katika mikutano ya Ligi yalisikika maneno ya watu waliowaona maskini kama kundi la mifugo linalopaswa kupunguzwa. Mawazo ya kuchagua mbegu bora za binadamu yalikuwa yameenea katika miaka hiyo, Ulaya na Amerika, na Jamaika haikuwa salama nayo.

Hapo ndipo umuhimu wa Bailey unapoonekana. Alilikabili jambo hilohilo kutoka upande wa pili. Kwake hoja haikuwa wingi wa watu weusi. Hoja ilikuwa msichana mweusi mwenye cheti cha hatimkato ambaye mimba moja humfungia mlango wa mwisho uliobaki wazi. Na mama ambaye kila mtoto mpya humnyang'anya kipande cha mkate mtoto aliyetangulia. Yule aliyeandika dhidi ya ubaguzi wa maduka ya King Street hakuweza kuitwa kibaraka wa wazungu kirahisi. Wapo waliojaribu.

Lakini tusimfanye malaika. Bailey alikuwa mtoto wa tabaka lake, tabaka la walimu waliopanda kwa nidhamu na waliamini kwamba kila mtu angeweza kupanda kwa njia hiyohiyo. Katika maandishi ya wanawake wa klabu yake kuna sauti ya kuwakaripia maskini kwa kutokuwa na mipango, kana kwamba mtu aliyekosa ajira miaka mitatu amekosa tu busara. Mwanaanthropolojia Edith Clarke, naye Mjamaika, alikuja kuonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1957, My Mother Who Fathered Me, kwamba familia za wanakijiji hazikuwa vurugu bali zilikuwa na utaratibu wake, uliotegemea ardhi, kazi na udugu, na kwamba kulea bila baba hakukuwa uhuni bali jibu la hali ya uchumi. Wanawake wa Ligi wangenufaika kukisoma kitabu hicho miaka 20 mapema.

Shule ya kazi za nyumbani

Miaka ya 1940 Bailey alichangisha fedha na kuanzisha Kituo cha Mafunzo ya Kazi za Nyumbani, Kingston. Wasichana waliotoka shule za msingi bila nafasi ya kuendelea walifundishwa kupika, kushona, kutunza nyumba, lishe ya mtoto, na pia namna ya kuzungumza na kujiheshimu.

Wapo waliouliza, na wengine wanauliza bado, kama mtetezi wa wanawake weusi alipaswa kuwafunza utumishi wa ndani wakati yeye mwenyewe alipigania nafasi zao benki. Jibu liko katika hali halisi ya mji. Utumishi wa nyumbani ndio uliowaajiri wanawake wa Kingston kwa wingi kuliko kazi nyingine yoyote, na ulikuwa hauna mkataba, hauna saa, hauna kima cha chini. Bailey aliamini kwamba ujuzi ungempa mtumishi nguvu ya kudai mshahara, na kwamba msichana aliyejua thamani ya kazi yake asingekubali kulala jikoni juu ya gunia. Kwa wengi wao, kituo hicho kilikuwa shule ya kwanza ya sekondari waliyopata. Upungufu wa njia hiyo ulionekana baadaye: ujuzi peke yake haukuwashurutisha waajiri. Kima cha chini cha mshahara kitaifa, kilichowahusu pia watumishi wa nyumbani, kililetwa na serikali ya Michael Manley mwaka 1975, wakati Bailey akikaribia miaka 80.

Serikali yaingia

Kazi ya Ligi ya Kingston ilienda polepole, kwa kliniki chache na kwa watu wachache waliochoka bila kuacha. Mwaka 1953 daktari Lenworth Jacobs na mkewe Beth walifungua kliniki huko St Ann's Bay, kaskazini mwa kisiwa, mji aliozaliwa Garvey, na mwaka 1957 kikazaliwa Chama cha Uzazi wa Mpango cha Jamaika. Chama hicho kilijiunga na shirikisho la kimataifa lililoasisiwa Bombay mwaka 1952, shirikisho lilelile ambalo wasomaji wa Tanzania wanalijua kupitia UMATI, chama kilichoanzishwa mwaka 1959. Barbados, kisiwa kidogo zaidi na chenye msongamano zaidi, iliwatangulia Wajamaika kwa kuiingiza serikali katika suala hili tangu katikati ya miaka ya 1950.

Wanasiasa wa Jamaika walisita. Walizijua kura za Wakatoliki, na walijua zaidi uzito wa tuhuma kwamba wanataka kulimaliza taifa jeusi. Ilibidi uhuru upatikane kwanza, mwaka 1962. Serikali iliyokuwa mikononi mwa watu weusi wenyewe iliweza kusema yale ambayo gavana hakuweza kuyasema. Mwaka 1967 Bodi ya Taifa ya Uzazi wa Mpango ikaundwa, na huduma zikaingizwa katika zahanati za serikali. Katika miaka hiyo mwanamke wa Jamaika alizaa kwa wastani zaidi ya watoto watano. Siku hizi wastani ni wawili au pungufu, na wapo wachumi wa huko walioanza kuhofia uzee wa taifa.

Ulinganisho mmoja unasaidia kuipima kazi ya akina Bailey. Puerto Rico, iliyo chini ya Marekani, ilihalalisha uzazi wa mpango mwaka 1937, kabla ya Jamaika kuwa na kliniki hata moja ya Ligi. Lakini huko njia iliyoshamiri ilikuwa ni kuwafunga kizazi wanawake hospitalini, mara nyingi bila kuelezwa vya kutosha kwamba hakuna kurudi nyuma. Kufikia mwaka 1965, karibu theluthi moja ya akina mama wa umri wa miaka 20 hadi 49 walikuwa wamefungwa kizazi. Huko pia ndiko vidonge vya kwanza vilikojaribiwa kwa wingi, kuanzia mwaka 1956, kwa wanawake maskini ambao hawakuambiwa kwamba ni majaribio. Jamaika haikukosa makosa yake, lakini ilianza na kliniki ndogo ambamo mwanamke aliingia kwa miguu yake, akapewa kitu alichoweza kukiacha siku yoyote aliyotaka.

Miaka ya mwisho

Bailey hakuolewa, wala Farquharson hakuolewa. Magazeti yaliwaita Miss maisha yao yote, na wapinzani hawakukosa kuwakejeli kwamba wasiozaa ndio wanaofundisha uzazi. Bailey aliendelea kuandika na kuhutubia hadi uzeeni, akiwasuta mawaziri wa taifa huru kwa sauti ileile aliyowasutia nayo watawala wa kikoloni. Taifa likamtunukia nishani. Sheria mbili alizoziona kabla ya kufa zilikuwa jibu la mambo aliyoyalalamikia tangu miaka ya 1930: ile ya mwaka 1976 iliyofuta tofauti ya kisheria kati ya mtoto wa ndoa na mtoto wa nje ya ndoa, na ile ya mwaka 1979 ya likizo ya uzazi, iliyomzuia mwajiri kumfukuza mwanamke kwa sababu ya mimba.

Alifariki dunia mwaka 1990 akikaribia kutimiza miaka 95. Farquharson alimfuata mwaka 1992. Kati ya sheria hizo mbili, mwaka 1978, kilifunguliwa Kingston kituo cha kuwapokea wasichana waliofukuzwa shule kwa ajili ya ujauzito, wakasomeshwa hadi kujifungua na kurudishwa madarasani. Kina matawi kisiwani kote, na kingali kinapokea wasichana.